Kiswahili cha Jikoni: Miaka Yangu Southall

"Wewe! Leta maji moto. Pesi pesi."

Nilikuwa bado mlangoni, kiatu kimoja nimekivua, kingine kimo mguuni. Ilikuwa Novemba 2009, saa moja asubuhi, nje giza totoro. Aliyeniita alikuwa bibi wa Kisingasinga, miaka themanini na kitu, mtandio mweupe kichwani, amekaa kwenye kiti chenye magurudumu kando ya hita. Ofisi iliyonituma ilikuwa imenipa maelezo ya mstari mmoja: mteja mpya, Southall, London, kumwogesha na kumpa chai, dakika arobaini na tano. Hakuna aliyeniambia kwamba anajua Kiswahili.

Mimi ni Mkamba wa Makindu. Nilikuwa na miezi saba Uingereza, nimepanga chumba mji mwingine, na katika miezi yote hiyo sikuwa nimemsikia mtu mzima akitamka neno la kwetu ila kwenye simu. Furaha iliyonishika! Kidogo nimkumbatie.

Ikanidumu mpaka jikoni. Nikisubiri birika lichemke, yale maneno yakanirudia masikioni pamoja na sauti yake, na sauti ile niliitambua. Kabla hajaolewa, mama yangu alikuwa yaya Nairobi, kwa Wahindi wa Parklands. Sisi watoto tukimkera alikuwa akituigizia mwajiri wake ili acheke badala ya kutuchapa: "Wewe! Leta hii. Peleka ile. Hapana vunja." Nimevuka bahari, nimelipa nauli ya ndege kwa mkopo wa chama, na nimeangukia kazi ya mama yangu ileile, kwa lugha ileile.

Nilimpelekea maji.

*

Nyumbani kwake wote walimwita Biji, nami nikamwita hivyo. Kiswahili chake kilikuwa na vitenzi vya kuamrisha tu. Leta, peleka, osha, pika, funga, ngoja, toka. Kukanusha alikanusha kwa "hapana": hapana weka sukari, hapana fungua dirisha. Alikuwa ameishi Ngara, Nairobi, miaka ishirini na saba, tangu alipoletwa kutoka Punjab akiwa mke wa fundi wa karakana ya reli, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemfundisha "tafadhali". Niligundua hivyo wiki ya tatu, nilipochoka. Nikamwambia, "Biji, sema tafadhali." Akanitazama kama niliyetukana. Kumbe hakuwa amekasirika. Neno lenyewe hakulijua. Alijua "pole pole", maana alikuwa akiwaambia wabeba mizigo, lakini "pole" peke yake hakuwa amewahi kuisikia, au hakuwa amewahi kuambiwa.

Baadaye nilipowazoea wazee wa mtaa niliona kwamba Kiswahili cha Wahindi wa Kenya si kimoja. Wanaume waliofanya kazi karakana na gereji wanacho cha kutosha, chenye matusi na mizaha, kwa sababu walishinda chini ya gari moja na fundi Mluo au Mkikuyu. Wenye maduka wana cha bei na deni. Wanawake wana cha jikoni, na cha jikoni ndicho kikali kuliko vyote. Ukitaka kujua watu wawili waliishi vipi, sikiliza ni vitenzi gani walivyoachiana.

Na maneno mengine yaliwaingia bila wao kujua. Nyumba ile ilisema Kipunjabi kutwa, lakini ufagio ulikuwa *fagio*, chungu cha bati kilikuwa *sufuria*, karanga zilikuwa *jugu*, na muhogo ulikuwa *mogo*. Wajukuu waliozaliwa London waliyatumia wakidhani ni Kipunjabi safi.

*

Februari 2010 nilihamia Southall kabisa, kuokoa nauli. Wateja wangu wanne kati ya sita walikuwa huko. Nilipanga chumba katika nyumba ya watu tisa, jiko moja, karibu na mfereji. Mwenye nyumba alichukua amana ya mwezi mzima bila kunipa karatasi, na nilipohama hakuirudisha, alisema hakumbuki. Mgeni yeyote anayeniuliza leo humwambia jambo hilo kabla hata ya habari za baridi: usitoe pesa bila maandishi, hata kama anayepokea anakuita binti.

Southall iko ukingoni mwa London upande wa magharibi, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, na ndege za uwanja wa Heathrow hupita karibu sana. Zamani palikuwa na tangi kubwa la gesi lililoandikwa herufi LH na mshale, ili rubani asipotee akatua uwanja mwingine. Tangi hilo limeshabomolewa, lakini nilipofika lilikuwa bado limesimama, na ndilo nililoelekezwa kulitumia kama alama: ukiliona tangi, umefika.

Kabla ya Wahindi palikuwa kijiji cha farasi na matofali. Soko la mifugo lilipewa hati ya mfalme mwaka 1698, na mnada wa farasi wa kila Jumatano ulidumu mpaka miaka michache kabla sijafika. Stesheni ya reli ikafunguliwa 1839, kisha viwanda: siagi ya mimea, gesi, na cha mabasi, kile kilichounda Routemaster, basi jekundu la ghorofa ambalo ukiuliza mtu yeyote duniani achore London atalichora. Jirani wa Biji alifanya kazi kiwanda hicho mpaka kilipofungwa 1979. Nilimwita Mwingereza mara moja tu, akanisahihisha. Yeye ni Mwelshi. Baba yake alikuja miaka ya 1930, migodi ya makaa ilipokosa kazi, na wenyeji waliwalalamikia kwamba wanajaa vyumbani na kushusha mishahara. Mzee yule alikuwa mtu pekee wa mtaa ule ambaye sikuwahi kumsikia akilalamikia wageni, ingawa pia sikuwahi kumsikia akisifu kitu chochote ila injini.

Wapunjabi walianza kuja kwa wingi miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa kiwanda cha mpira, mpakani na Hayes, aliwahi kuhudumu na askari wa Kisingasinga vitani, akawaajiri. Kazi yenyewe ilikuwa ya moshi, joto na zamu za usiku ambazo wenyeji hawakuzitaka. Mmoja alimwita ndugu, ndugu akamwita wa kijijini. Sisi tulio kwenye kea, kazi hii ya kutunza wazee, tunaielewa hesabu hiyo: mimi nimewaingiza watatu.

Kisha wakaja wa kwetu. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Wahindi walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 serikali ya Nairobi ikaleta sheria ya vibali: asiye raia hafanyi kazi wala biashara bila karatasi. Ndege zikaanza kujaa. London ikaingiwa na hofu, na mwishoni mwa Februari 1968 Bunge likapitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango raia wake wenyewe: hata ukiwa na pasipoti ya Uingereza, kama wewe, mzazi wako au babu yako hakuzaliwa kule, panga foleni. Vocha zilikuwa 1,500 kwa mwaka, za wakuu wa familia.

Biji alitua siku chache kabla. Alinieleza safari hiyo kwa Kiswahili chake, na nilishangaa jinsi amri zinavyoweza kusimulia: "Mzee nasema, funga. Funga yote. Acha kiti, acha meza. Leta watoto. Toka." Akakaa kimya, halafu: "Kuja hapa, baridi. Mzungu nasema, toka."

Mimi niliyasoma hayo shuleni Kenya kwa jina la kuwapa Waafrika nafasi katika biashara, na mwalimu wetu aliyafundisha kwa furaha. Sijabadilisha mawazo yangu yote. Wahindi wa Nairobi walikuwa na ghorofa yao, Wazungu juu, sisi chini, na waliojenga ngazi hiyo hawakuwa wao lakini hawakukataa kupanda. Ila sikuwa nimewahi kukaa na mtu aliyefunga nyumba yake kwa wiki moja.

*

Siku ya kwanza kupita Havelock Road na kuona kuba la dhahabu na bendera ya rangi ya chungwa juu ya mlingoti, moyo ulinilipuka. Aliyekulia Makindu atanielewa. Hekalu la Masingasinga la Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, lilijengwa mwaka 1926 na watu wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote huingia akala bure. Watoto wa mtaani kwetu tuliita "kwa Singa". Mama akiuza machungwa stendi, mchana tulivuka kwenda kula chapati na dengu, tukapiga foleni na madereva wa malori.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nikavua viatu, nikafunga leso kichwani, nikanawa, nikakaa chini, nikapokea chapati kwa mikono miwili. Mzee aliyekuwa akigawa dengu akasita. Akaniuliza kwa Kiingereza nimejifunzia wapi. Nikasema Makindu.

"Makindu!" Akaita wenzake. Wakaja wazee watano, kila mmoja na mwaka wake aliosimama pale, gari lililoharibika, simba aliyeonekana. "Habari ya Nairobi?" "Ngara iko?" "River Road iko?" Mmoja alikuwa fundi wa Thika, akanitolea Kikuyu. Wiki hiyo nilikuwa na pauni kumi na moja mfukoni mpaka Ijumaa. Nilikula pale siku nne mfululizo na hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini. Niliosha vyombo siku ya tano, kwa sababu nilikuwa nimewaona wengine wakifanya hivyo, na nikaendelea kuosha Jumapili moja kwa mwezi kwa miaka mingi. Ukifika mahali pageni, tafuta sinki. Mtu aliye kwenye sinki haulizwi karatasi.

*

Mambo ya mwaka 1979 nilianza kuyasikia kwa sababu ya kovu. Mwana mkubwa wa Biji, mtu mzima mwenye kampuni ya teksi, ana mstari mweupe juu ya sikio, kilemba kikikaa vibaya unaonekana. Nilimuuliza Biji.

"Polisi piga," akasema. "Mingi. Farasi. Yeye kuja nyumbani hapana kilemba."

Ilikuwa Aprili 23, 1979. Chama cha wabaguzi, National Front, kilipewa ukumbi wa manispaa ya Southall kifanye mkutano wa uchaguzi, katikati ya mtaa uliojaa watu walewale ambao chama hicho kilitaka kuwafukuza. Miaka mitatu nyuma, Juni 4, 1976, kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, alikuwa amechomwa kisu akafa karibu na sinema ya Dominion, na vijana wakaapa kwamba hawatakaa kimya kama baba zao. Siku hiyo maduka yalifungwa, watu wakajaa barabarani, polisi wakaja kwa maelfu. Zaidi ya watu 300 walikamatwa. Blair Peach, mwalimu wa miaka 33 kutoka New Zealand, alipigwa kichwani akafa usiku ule. Jeneza lake liliwekwa Dominion na maelfu wakapita mbele yake, mwana wa Biji akiwa mmojawapo, kichwa kimefungwa bendeji. Ripoti ya ndani ya polisi, iliyosema kwamba inaelekea sana aliyempiga alikuwa askari, ilitolewa hadharani mwaka 2010. Nilikuwa pale jikoni mwana akimsomea mama yake gazeti.

Biji alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akaniambia, akihamia Kiswahili ili tu anipe na mimi. "Mzungu. Kufa kwa sisi." Siku hizi kuna shule ya msingi Southall yenye jina la mwalimu huyo.

Binti yake mdogo alikuwa na kisa kingine, na nadhani kilimuumiza zaidi ya kovu la kaka yake. Alipofika 1968 alikuwa na miaka minane. Wakubwa wa elimu walikuwa wameamua kwamba watoto wa wageni wasizidi theluthi moja katika shule yoyote, kwa hiyo kila asubuhi alipakiwa kwenye basi na kupelekwa mbali, mtaa ambao hakuwa na rafiki wala wa kucheza naye baada ya masomo. Shule ya jirani aliiona kwa dirisha tu. Wanaosema Southall ilijitenga yenyewe wangekaa na mama huyo saa moja.

Lakini sitaki niandike kama kwamba mateso yaliwafanya malaika. Jioni moja yuleyule mwana mwenye kovu aliniambia mtaa umeharibika. Kisa? Wasomali. Wamejaa, hawajifunzi lugha, wanapanga watu kumi chumba kimoja. Nilimwangalia. Nikamuuliza, "Na ninyi mlikuwa wangapi kwenye nyumba hii 1968?" Akacheka, akahesabu kwa vidole, akafika kumi na wanne. Hakubadilisha kauli yake. Mvua ilikuwa inanyesha, akanipeleka nyumbani kwa teksi yake na akakataa pesa, na njiani akaendelea palepale alipoachia.

*

Mei 2012 mama yangu alifariki. Nilipigiwa simu saa kumi usiku. Pasipoti yangu ilikuwa imekaa ofisi ya uhamiaji miezi mitano ikisubiri kuongezewa muda wa kuishi, na wakati huo ukiiomba irudishwe ili usafiri, ombi lako lilihesabiwa kuwa umeliacha. Walioishi na makaratasi wanajua. Nilituma pesa za jeneza na nikasikiliza mazishi kwenye simu ya binamu, upepo mwingi, sauti ya pasta inakuja na kupotea.

Kesho yake nilienda kazini. Kea hailipi siku ya msiba usipokuwepo.

Nilimwogesha Biji kama kawaida. Alinishika mkono nikimfuta mgongo. "Nini?"

"Mama yangu amekufa, Biji."

Nilikuwa nimemfundisha "pole" zaidi ya mwaka mzima. Hakuitumia. Alitazama ukuta, kisha akanyoosha kidole kwenye kiti.

"Kaa."

Nikasema nina mteja mwingine saa tatu.

"Hapana enda. Kaa. Kula." Akamwita mkwewe kwa Kipunjabi, zikaletwa parata mbili na maziwa ya mgando. "Kula. Yote. Hapana sema."

Nilikula nikilia, na yeye ananiangalia kwa ukali uleule wa siku ya kwanza. Nilipomaliza akauliza mama yangu alifanya kazi gani. Sikuwa nimemwambia kamwe, na nilikuwa nimeapa kwamba sitamwambia. Nikasema: alikuwa yaya, Nairobi, kwa Wahindi.

"Ngara?"

"Parklands."

Akapumua. Sijui kama alikuwa ametarajia, au ameogopa. Baada ya muda akasema, "Mimi alikuwa na yaya. Miaka kumi na moja. Watoto yote yeye lea." Akainua mkono akaonyesha urefu wa mwanamke, juu kidogo ya kichwa chake alipokaa. "Jina yake... sisi naita ayah. Ayah tu." Akanitazama kana kwamba mimi ningeweza kumwambia jina hilo.

Alifariki mwaka 2014. Nilienda hekaluni, nikakaa upande wa wanawake, na kwenye sinki baadaye mkwewe akanipisha.

*

Nyumba yao iliuzwa. Reli mpya ya Elizabeth ilifunguliwa Mei 2022 na kodi za nyumba zimepanda; pale lilipokuwa tangi la gesi kuna maghorofa ambayo wauguzi wa Southall hawawezi kupanga. Jina la stesheni bado limeandikwa kwa herufi za Kiingereza na za Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi. Watoto wa Wapunjabi wenye uwezo wamehamia mbali zaidi, kwenye bustani na magaraji mawili, na vyumba vyao vimechukuliwa na Waafghani, na wanafunzi kutoka India wenye mikoba mizito mgongoni ambao wananikumbusha mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Broadway kununua mboga. Kijana wa dukani, miaka ishirini hivi, kilemba cha buluu, aliniona nikigeuzageuza mihogo.

"*Mogo* nzuri leo, anti. Imefika asubuhi."

Nikamwambia hilo neno ni Kiswahili. Muhogo. Limetoka kwetu.

"Hapana, anti," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mgeni. "Hilo ni letu. Bibi yangu alikuwa akilisema."

Nikamuuliza bibi yake alikuwa wa wapi. Akasema Punjab, kisha akasita, akasema kuna wakati waliishi Afrika, hajui sehemu gani.

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia anipimie kilo mbili, tafadhali.